Kiporo cha R.E.M.
Bendi ikitoa nyimbo zilizobaki, watu husema imeishiwa, inatafuta pesa tu. Mimi sikubali. Sikilizeni Dead Letter Office ya R.E.M., vijana wanne wa Athens, Georgia, Marekani. Ilitoka 1987, baina ya Lifes Rich Pageant ya 1986 na Document. Jina hilo ni ofisi ya posta zinakoishia barua zisizowafikia wenyewe. Nyingi zilikuwa upande wa pili wa santuri ndogo. Tatu ni za Velvet Underground. King of the Road waliirekodi wamelewa, astaghfirullah, na inasikika! Mpiga gita Peter Buck mwenyewe aliandika kuwa mwenye wimbo, Roger Miller, angestahili kuwashtaki. Lakini humo wanacheza bila kuogopa kukosea. Kwenye Document, iliyowaingiza kumi bora Marekani kwa mara ya kwanza, sikuti uhuru huo.