Taaluma za Ulimwengu kama Fani ya Pili

Katika vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza huchagua fani kuu, na akipenda huongeza fani ndogo. Shahada nzima huwa na krediti zipatazo 120 kwa miaka minne; fani ndogo kwa kawaida huchukua 15 hadi 21, yaani kozi tano hadi saba. Mojawapo ya fani ndogo hizo ni taaluma za ulimwengu, zinazochunguza mambo yasiyojua mipaka ya nchi: biashara, uhamiaji, magonjwa, tabianchi.

Zamani dunia ilisomwa kanda kwa kanda. Chuo Kikuu cha Northwestern kilianzisha programu ya taaluma za Afrika mwaka 1948, chini ya mwanaanthropolojia Melville Herskovits. Miaka kumi baadaye, sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa ilileta fedha za serikali za kufundishia lugha za kigeni. Vita Baridi vilipokwisha, wasomi waliona kuwa kusoma kanda moja moja hakutoshi.

Sababu yao inaonekana wazi katika mkasa wa Machi 2021, meli ya makontena Ever Given ilipokwama siku sita katika Mfereji wa Suez. Mmiliki wake alikuwa kampuni ya Japani, mwendeshaji kampuni ya Taiwan, bendera ya Panama, mabaharia Wahindi, safari ya Rotterdam, na mfereji ni wa Misri. Nani alipe hasara? Mwanasheria peke yake hawezi kulimaliza swali hilo, wala mchumi, wala mwanahistoria anayejua jinsi mfereji ulivyotaifishwa mwaka 1956. Fani hii huwaketisha wote darasa moja, na hilo ndilo jambo lake jema kuliko yote.

Hata hivyo, kozi sita hazimfanyi mtu bingwa. Fani hii hunufaisha ikiegemea fani kuu yenye ujuzi kamili: muuguzi ataelewa vizuri zaidi safari za magonjwa, mhasibu ataelewa ushuru na sarafu.

Programu nyingi hudai pia lugha ya kigeni au muhula ng'ambo. Hapo baadhi ya wanafunzi huchagua Kiswahili na kufika Zanzibar, ambako Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar huwafundisha wageni lugha hiyo. Lugha haiivi kwa muhula mmoja. Anayeitaka fani hii aanze lugha mwaka wa kwanza, kozi nyingine zitafuata.