Bima ya Gari: Jua Unacholipia

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamtaka kila mwenye gari awe na angalau bima ya mtu wa tatu kabla ya kuingia barabarani. Bima hii ni ya bei nafuu, na hufidia watu wengine wanaojeruhiwa au kufa katika ajali. Gari lako likiharibika au likiibwa, hasara ni yako.

Bima kamili hulinda gari lako pia. Bei yake hutegemea thamani ya gari. Tuseme gari lina thamani ya Sh1,000,000 na kampuni inatoza asilimia 4. Utalipa Sh40,000 kwa mwaka. Juu yake kuna ada ya mafunzo ya asilimia 0.2 (Sh80), ada ya Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima ya asilimia 0.25 (Sh100) na ushuru wa stempu wa Sh40. Jumla ni Sh40,220.

Usipunguze thamani ya gari ili ulipe kidogo. Ukisema gari hilo ni la Sh600,000, kampuni inaweza kufidia asilimia 60 tu ya hasara. Matengenezo yakigharimu Sh200,000, utajilipia Sh80,000.

Vilevile, sema ukweli kuhusu matumizi. Gari la kibinafsi likibeba abiria wa kulipa, dai lako linaweza kukataliwa.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni au wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), na uulize kiasi utakachochangia mwenyewe ajali ikitokea.