Seli Shina na Chanzo cha Kasoro za Moyo za Kuzaliwa Nazo

Moyo wa binadamu huanza kupiga siku ya 22 hivi tangu mimba itungwe, wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito, na wiki ya 8 inapokwisha mrija mwembamba uliokuwa mwanzo wake huwa umeshajikunja na kugawanyika, ukawa kiungo chenye vyumba vinne, vali nne na mishipa mikubwa ya kupeleka damu mapafuni na mwilini. Hatua moja ya ujenzi huo ikienda mrama, mtoto huzaliwa na kasoro, iwe ni tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba, vali iliyobana au mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi. Kasoro za namna hii humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, nazo ndizo kasoro za maumbile zinazoongoza kwa wingi duniani.

Kwa muda mrefu wazazi wa watoto hao wamekuwa wakitafuta sababu katika laana, husuda au kosa fulani la mama wakati wa ujauzito. Ni kweli kwamba mambo kadhaa ya ujauzito huongeza hatari, yakiwemo maambukizi ya rubela, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa, lakini sehemu kubwa ya chanzo imo katika vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kwenye DNA ndani ya kila seli. Wakati mwingine tatizo ni kromosomu nzima, kwani karibu nusu ya watoto wenye kromosomu ya 21 iliyozidi, hali inayosababisha sindromu ya Down, huzaliwa na kasoro ya moyo. Wakati mwingine ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni moja.

Miaka ya mwisho ya karne ya 20 ilifungua ukurasa wa kuzitambua jeni hizo. Mwaka 1997 watafiti walibaini kwamba mabadiliko katika jeni ya TBX5 husababisha sindromu ya Holt-Oram, ambayo humpa mgonjwa tundu la moyo pamoja na kasoro za mikono. Mwaka 1998 ikafuata NKX2-5, na mwaka 2003 GATA4, iliyogunduliwa kwa kuchunguza ukoo mkubwa ambamo matundu ya moyo yalirithiwa kizazi hadi kizazi. Jeni zote tatu hutoa maelekezo ya kutengeneza protini zinazowasha na kuzima jeni nyingine, na kwa hiyo hufanya kazi ya nyapara katika ujenzi, ambaye habebi tofali wala hachanganyi zege, bali huamua nani aanze, wapi na lini.

Hata hivyo, kuipata herufi iliyobadilika si sawa na kufahamu jinsi inavyoharibu moyo. Kila mtu ana mamilioni ya tofauti ndogo katika DNA yake, na nyingi hazina madhara, hivyo daktari anayesoma vinasaba vya mtoto mgonjwa huishia na orodha ya washukiwa bila ushahidi wa kumtia yeyote hatiani. Moyo wa kijusi hauwezi kufunguliwa ili uchunguzwe ungali unajengwa, na wanyama wa maabara hawatoi jibu kamili, kwa kuwa panya anaweza kupoteza nakala moja ya jeni fulani akabaki mzima, ilhali binadamu aliyepoteza nakala hiyohiyo huugua.

Pengo hilo ndilo lililoanza kuzibwa na seli shina. Jina hilo hupewa seli ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu na ambazo zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ziwe za misuli, za neva au za damu. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake nchini Marekani walifanikiwa kukuza seli shina za kiinitete cha binadamu, lakini matumizi yake yalizua mjadala mkali wa kimaadili, kwa sababu kiinitete huharibiwa zinapochukuliwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walionyesha kwamba seli za kawaida za panya aliyekomaa zikiingiziwa jeni nne tu hurudi katika hali inayofanana na ya seli za kiinitete, na mwaka uliofuata jambo hilo likafanikiwa kwa seli za binadamu. Ugunduzi huo ulimpatia Yamanaka Tuzo ya Nobel ya mwaka 2012, aliyoigawana na John Gurdon wa Uingereza.

Faida yake kwa utafiti wa moyo ni kubwa, kwani sasa inatosha kuchukua damu kidogo au kipande cha ngozi cha mgonjwa, kuzirudisha seli zake katika hali ya seli shina, kisha kuzipa kwa mpangilio maalumu kemikali zinazoiga ishara za kiinitete, hadi baada ya wiki mbili hivi zinapokuwa seli za misuli ya moyo zinazodunda zenyewe katika sahani ya maabara. Seli hizo hubeba DNA yote ya mwenyewe, pamoja na kosa lake. Kwa kutumia CRISPR, mbinu ya kukata na kurekebisha DNA mahali palipokusudiwa, mtafiti anaweza kusahihisha herufi ile moja na kuacha nyingine zote zilivyo, kisha akalinganisha makundi mawili ya seli yanayotofautiana katika jambo hilo peke yake. Tofauti yoyote itakayoonekana baina yake ina sababu moja inayojulikana, na huo ndio ushahidi uliokosekana awali.

Njia hii ilitumika kuichunguza zaidi GATA4 katika Taasisi za Gladstone mjini San Francisco, ambako kundi la Deepak Srivastava lilichapisha matokeo yake mwaka 2016. Seli za moyo zilizotokana na watu wenye kosa katika jeni hiyo zilijikunyata kwa nguvu pungufu na zilikuwa na hitilafu katika matumizi ya kalsiamu na nishati. Ilibainika kuwa GATA4 yenye kasoro hushindwa kushirikiana ipasavyo na TBX5, na kwamba baadhi ya jeni zinazopaswa kuzimwa katika misuli ya moyo, zikiwemo za seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu, hubaki zimewashwa. Kwa maneno mengine, kosa halikudhoofisha misuli tu, bali liliivuruga seli isijue barabara ni seli ya aina gani.

Mwaka 2019 kundi hilohilo lilitoa maelezo ya familia moja ambayo watoto wake waliugua vibaya misuli ya moyo tangu utotoni, ilhali wazazi hawakuwa na ugonjwa wa kiwango hicho. Baba alikuwa na mabadiliko katika jeni mbili, MKL2 na MYH7, na mama alikuwa na mabadiliko katika NKX2-5, nao watoto wagonjwa walirithi yote matatu. Panya waliopewa mabadiliko hayo kwa pamoja, pamoja na seli shina zilizotengenezwa kutoka kwa wanafamilia, vilithibitisha kuwa ni mkusanyiko huo uliozidisha madhara. Matokeo hayo yanasaidia kueleza kwa nini wazazi wanaoonekana wazima huweza kupata mtoto mwenye moyo dhaifu.

Utafiti wa jeni ya NOTCH1 umekwenda hatua mbele, kutoka kueleza chanzo hadi kutafuta dawa. Watu wenye kosa katika jeni hiyo huweza kuzaliwa na vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, ambayo ukubwani hujaa chokaa na kukakamaa. Watafiti walijaribu takriban molekuli 1,600 juu ya seli zilizotokana na seli shina za wagonjwa, wakapata moja iliyorudisha utendaji wa jeni karibu na hali ya kawaida, na ambayo ilizuia ugonjwa wa vali katika panya.

Mbinu hii ina mipaka yake. Seli za moyo zinazokuzwa maabara hazikomai, bali hufanana na za kijusi, jambo ambalo ni udhaifu kwa anayechunguza moyo wa mtu mzima lakini lina manufaa kwa anayechunguza kasoro zinazoanza tumboni. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba seli zilizotandazwa sahanini hazina ukuta, vali wala mkondo wa damu, na ndiyo maana tangu mwaka 2021 maabara kadhaa, ikiwemo ya Sasha Mendjan mjini Vienna, zimekuwa zikikuza vifundo vidogo vya tishu ya moyo vinavyojipanga vyenyewe na kujiundia uwazi ndani. Tena, sehemu kubwa ya takwimu za vinasaba duniani imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo mabadiliko yanayoonekana kwa mtoto wa Kiafrika ni vigumu zaidi kuyatafsiri, na upungufu huo hautaondoka mpaka familia za Afrika zishirikishwe katika tafiti hizi kwa ridhaa na kwa manufaa yao.

Msomaji anapaswa kutofautisha utafiti na tiba, kwa kuwa seli shina zinazozungumziwa hapa ni chombo cha kuelewa ugonjwa, na hakuna sindano ya seli shina iliyothibitishwa kuziba tundu la moyo au kurekebisha vali ya mtoto. Tiba iliyopo ni dawa, upasuaji, na uzibaji wa matundu kwa mirija inayopitishwa katika mishipa ya damu, huduma zinazopatikana pia Afrika Mashariki, ikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Mtoto anayechoka anaponyonya, anayehema haraka, asiyeongezeka uzito au anayebadilika rangi midomo kuwa ya buluu afikishwe hospitali mapema, na mama yake asibebeshwe lawama.