Kilo si kilo: mtafiti wa bahari ana jambo la kuwaambia wauza samaki

Wauza samaki wa mtandaoni, leo kaeni hapa dakika tano. Na wewe wa mitumba usipite, hesabu hii itakugusa.

Ukiposti changu wakubwa kwa bei ya juu, lazima atokee mteja kwenye komenti: "Mbona jana ulikuwa na kilo kwa bei nafuu?" Jana walikuwa wadogo. Kwake yeye kilo ni kilo. Sokoni sivyo, na kuna mtu amelipima jambo hili vizuri sana.

Anaitwa Tim McClanahan, mwanasayansi wa bahari wa shirika la Wildlife Conservation Society. Tangu miaka ya 1980 amekuwa akichunguza miamba ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Mwaka 2010 alichapisha matokeo ya kufuatilia mapato ya wavuvi kwa miaka 12 katika sehemu tatu. Sehemu mbili ziliacha juya lenye macho madogo baada ya miaka sita, na mojawapo ilikuwa jirani na eneo lililofungwa kabisa kwa uvuvi. Ya tatu ilikuwa huria, kila mtu na zana yake.

Basi sikia. Aliyevua kwenye sehemu isiyo na juya alipata asilimia 41 zaidi ya yule wa sehemu huria. Aliyevua jirani na eneo lililofungwa alipata asilimia 135 zaidi. Tuiweke kwa mfano wa pesa: kama wa huria anaondoka na 500 kwa siku, wa pili ana 705 na wa tatu ana 1,175. Bahari ni moja, pwani ni ile ile.

Utadhani siri ni kilo nyingi. Kilo ziliongezeka kweli, kama asilimia 20 baada ya juya kuondoka, lakini hilo peke yake halifikishi 135. Jirani na eneo lililofungwa samaki walikuwa wakubwa zaidi, na kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo bei ya kila kilo inavyopanda. Pia walitoka aina zenye soko zuri. Mambo ni rahisi tu: ndani hawaguswi, wanakua, kisha wanatoka kutafuta chakula. Samaki hana habari na mpaka.

Wamejaribu pia malema (Tanzania mnasema dema) yenye upenyo mwembamba pembeni. Watoto wa samaki na wale wembamba wa mapambo wasio na mnunuzi wanapenya wanaenda zao. Anayebaki ni yule wa kuuzika.

Halafu kuna kikande. Wengi hawamhesabu, lakini huyu ndiye anayekula wale wadudu wa baharini wenye miiba. Wavuvi wakimmaliza, wenye miiba wanajaa, wanatafuna mwamba, na nyumba ya samaki wengine inaharibika. Hili nalo McClanahan amelifuatilia miaka mingi.

Sasa hapa ndipo makala nyingi za mazingira huishia, na mimi sikubali. Wale samaki wadogo wa juya walikuwa na mnunuzi wao! Kenya wanawaita mama karanga, akina mama wanaokaanga samaki na kuuza rejareja kwa watu wa kipato kidogo. Samaki akiwa mkubwa, tajiri wa gari na friza anamchukua, anampeleka hotelini, na mama mwenye karai anabaki anatazama. Mwaka 2015 watafiti wengine waliofanya kazi Nyali, Mombasa, wakiongozwa na Tim Daw, walionyesha hivyo hivyo: uvuvi ukipunguzwa, faida na hali ya bahari vinapanda, ila wachuuzi wanawake wanaumia. Kwa hiyo mtu akikuambia kufunga bahari ni faida kwa wote, muulize wote ni akina nani.

Kwako wewe wa oda za simu, acha kuchanganya saizi kwenye bei moja. Tenga mafungu, piga picha kila fungu likiwa kwenye mizani, andika idadi ya samaki kwa kilo. "Changu, watatu kwa kilo" inamjibu yule wa komenti kabla hajaandika. Muulize mvuvi wako kavua kwa nini. Wa malema hutolewa majini akiwa hai, kwa hiyo ukimwekea barafu mapema unaye mzima mpaka kwa mteja. Wa juya ameburuzwa na kugandamizwa na wenzake, na mteja akifungua mfuko ataona.

Na kama mtaji wako ni wa karai, usimkimbilie changu mkubwa. Ungeni watu watatu wanne, mnunue fungu zima pwani asubuhi, wakubwa waende kwa wenye oda, wa kati mkaange mgawane. Tajiri wa friza anawashinda kwa sababu kila mmoja anakwenda pale na pesa yake kidogo peke yake.