Jua na Mwezi Vinapopatwa: Kinachotokea Angani na Namna ya Kulinda Macho

Novemba 3, 2013, muda mfupi kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, jua lilitoweka juu ya Ziwa Turkana. Giza lenyewe halikudumu hata sekunde 20, lakini kuna wageni waliosafiri kutoka mabara mengine ili walione. Jioni hiyo hiyo, Nairobi na sehemu nyingine za nchi, jua lilifunikwa kiasi tu, na wengi waliendelea na shughuli zao bila kugundua lolote.

Tofauti hiyo inatokana na kivuli. Mwezi unapopita katikati ya jua na dunia, kivuli chake huanguka ardhini, na walio ndani yake huona jua limepatwa. Kivuli hicho ni chembamba; kwa kawaida upana wake haufiki kilomita 300, nacho hukimbia kwa kasi. Walio nje kidogo huona jua lililomegwa pembeni, na walio mbali zaidi hawaoni chochote.

Jua ni pana kuliko mwezi takriban mara 400, lakini pia liko mbali nasi takriban mara 400 zaidi. Ndiyo sababu mwezi huweza kuliziba lote, jinsi kidole gumba kilichowekwa karibu na jicho kinavyoziba mlima. Mwezi ukiwa mbali kidogo na dunia hautoshi kulifunika jua, na pete ya mwanga hubaki kulizunguka giza la katikati. Pete hiyo ilionekana kusini mwa Tanzania Septemba 1, 2016.

Mwezi nao hupatwa dunia inapokaa katikati na kuuzuilia mwanga wa jua. Kivuli cha dunia ni kikubwa, hivyo kila aliye upande wenye usiku huona tukio hilo ikiwa hakuna mawingu. Usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulikuwa ndani kabisa ya kivuli hicho kuanzia saa mbili u nusu hadi karibu saa nne, na Wakenya wakauona umegeuka mwekundu. Wekundu huo si damu wala ishara ya maafa. Hewa inayoizunguka dunia hupinda mwanga wa jua na kuupeleka hadi mwezini, na rangi inayopenya vizuri zaidi ni ile ile nyekundu ya machweo.

Wanafunzi huuliza, na ni swali zuri: mbona jua halipatwi kila mwezi? Njia ya mwezi kuizunguka dunia imeinama kwa nyuzi kama 5, hivyo mara nyingi kivuli hupita juu au chini ya shabaha. Hata hivyo, wanaofuata kalenda ya mwezi wanaweza kujua ni lini haiwezekani. Jua hupatwa tu mwishoni mwa mwezi, kabla ya hilali kuonekana, na mwezi hupatwa tu ukiwa mpevu.

Jumatatu, Agosti 2, 2027, jua litapatwa tena. Giza kamili litapita kaskazini mwa Afrika, likiwemo jiji la Luxor nchini Misri ambako litadumu zaidi ya dakika 6, kisha livuke Bahari ya Shamu na kufika kaskazini mwa Somalia. Kenya itaona sehemu ya jua ikifunikwa alasiri. Wakazi wa Mandera wataona sehemu kubwa zaidi kufunikwa kuliko wa Nairobi, lakini popote nchini jua halitazibwa lote. Maana yake ni kwamba hakutakuwa na hata dakika moja salama ya kulitazama kwa macho matupu.

Siku hiyo jua halitoi sumu yoyote, na hakuna haja ya kuwafungia watoto ndani. Hatari ni kwamba watu hulikodolea macho, jambo wasilolifanya siku nyingine. Mwanga wake huunguza utando wa nyuma ya jicho, na utando huo hauhisi maumivu. Mtoto anaweza kutazama akicheka, kisha saa kadhaa baadaye aanze kuona doa katikati ya kila kitu. Akifika hapo apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Miwani ya kawaida ya jua, picha za eksirei, kioo kilichopakwa masizi na beseni la maji havifai, hata kama wazee walivitumia. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo. Asiye nayo atoboe tundu dogo kwenye kadi, alipe jua mgongo na kuacha mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi nyeupe: ataona umbo la jua lililomegwa. Chujio la jikoni hutoa maumbo hayo kwa makumi, na vilevile mianya ya majani chini ya mwembe.

Kwa mwezi, tahadhari hizo hazihitajiki. Jumapili, Desemba 31, 2028, mwezi utachomoza ukiwa umeanza kupatwa, na kuanzia kama saa moja na robo usiku utakuwa ndani kabisa ya kivuli kwa zaidi ya saa moja. Mkesha wa mwaka mpya, kila mtu anaweza kuutazama kwa macho yake akiwa uani.