Neno la Raha Katika Kinywa cha Amri

Wakongwe wa Kinyinya, katika Wilaya ya Gasabo hapa Kigali, wangali wanaikumbuka minara ya Deutsche Welle. Tangu miaka ya 1960 hadi mwaka 2015 matangazo ya redio hiyo ya Ujerumani yalirushwa kutoka kilimani hapa kwa masafa mafupi, Kiswahili na Kiingereza vikiwa miongoni mwa lugha zake. Minara imenyamaza, bali lugha hizo mbili zimeshuka barazani. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka uliofuata serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Na mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Basi si ajabu kwamba jioni, katika vibanda vya Kagugu, utawasikia vijana wakiambiana kwamba wana-"enjoy". Ukiwauliza wanafurahia nini, watacheka tu. Kiingereza cha vitabuni hutaka neno hilo lifuatwe na jambo: mtu hufurahia chakula, mpira, safari, au huifurahisha nafsi yake mwenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tumelivua mzigo huo, nalo likatembea peke yake. Mimi sioni dhambi hapo. Lugha ya vijana ina amri zake, nazo hazisomwi gwarideni.

Dhambi hutokea pale neno la raha linapoingia katika hati ya kazi, na askari akalipokea kwa maana ya kibandani.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uofisa, tulipewa maagizo ya zamu yaliyochapwa kwa Kiingereza. Moja lilimkataza mlinzi wa lango ku-"entertain" wageni. Mwenzangu mmoja, kijana mwenye bidii sana, alikuwa amejifunza shuleni kwamba neno hilo maana yake ni kuburudisha, kama ngoma inavyoburudisha. Usiku akaja mzee mmoja aliyesema anamtafuta mwanawe. Mwenzangu akamfungulia, akamkalisha ndani ya kibanda cha mlinzi, karibu na bunduki. Ofisa wa zamu alipotokea na kuuliza kulikoni, kijana akajibu kwa ukakamavu, "Afande, sikumwimbia wala sikumpa chai!" Tulicheka kwa wiki nzima. Lakini ofisa yule hakucheka, na alikuwa na haki. Neno lile lilimaanisha kupokea, kukaribisha, kumpa mtu nafasi. Ndivyo linavyotumika hata mahakamani: hakimu anayesema kwamba hawezi ku-"entertain" ombi fulani hazungumzii burudani hata kidogo. Anasema kwamba ombi hilo halitasikilizwa. Polisi anayekwenda kumweleza mlalamikaji matokeo ya shauri hana budi kulijua hilo, la sivyo atamrudisha mwananchi nyumbani na tumaini la bure.

Neno "enjoy" nalo lina sura ya namna hiyo. Askari wetu wamekuwa wakienda nje kulinda amani tangu mwaka 2004, walipopelekwa Darfur, na huko hukutana na mikataba inayosema kwamba watumishi wa Umoja wa Mataifa wata-"enjoy" kinga fulani za kisheria. Ole wake atakayedhani kwamba kinga ni kitu cha kujifurahisha nacho! Maana yake ni kwamba mtu anayo haki hiyo na anaweza kuitumia kwa ajili ya kazi yake. Hapa Kiswahili kinatupa neno lililo tayari, nalo ni kufaidi: twafaidi matunda ya shamba, na twafaidi haki tuliyopewa na sheria. Sijui kwa nini wafasiri wengi hulipita neno hili na kwenda kulikamata "kufurahia", kana kwamba haki ni pilau.

Lakini zito kuliko yote ni "pleasure". Kamusi ndogo itakuambia ni raha, starehe, anasa. Ukimshukuru Mwingereza naye akakujibu kwa neno hilo, anakuambia tu kwamba hukumtaabisha. Sasa litazame neno hilo hilo mikononi mwa dola. Wafalme wa Ufaransa walizoea kufunga amri zao kwa maneno yenye maana kwamba ndivyo ipendezavyo kwao. Kiingereza, kilichochota maneno mengi sana kutoka Kifaransa, kilichukua neno lenyewe pamoja na mazoea hayo. Kwa desturi ya Waingereza, ofisa wa jeshi hutumikia kwa "pleasure" ya Mfalme, yaani hukaa kazini kwa muda ule ambao Mfalme anapenda akae. Raha haimo. Kilichomo ni ridhaa ya mkubwa, isiyo na tarehe.

Isiyo na tarehe: hapo ndipo neno linapouma. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ilisema kwamba mtu aliyetenda kosa la kustahili kifo akiwa hajatimiza umri wa miaka 18 hatahukumiwa kunyongwa. Badala yake atawekwa kizuizini kwa "pleasure" ya Rais. Nia yake ya kwanza, kumwepusha mtoto na kitanzi, ilikuwa njema. Lakini kijana huyo hakuhukumiwa miaka kumi wala ishirini. Aliingia gerezani bila siku ya kutoka. Mfungwa wa kawaida huhesabu miaka iliyobaki. Yeye hakuwa na cha kuhesabu, kwa kuwa kifungo chake kilikuwa na urefu wa ridhaa ya mtu ambaye huenda hakupata kamwe kulisikia jina lake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba utaratibu huo ni kinyume cha Katiba, kwani kifungo kisicho na kikomo hakilingani na haki za mtoto, na kupanga urefu wa adhabu ni kazi ya mahakama.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya askari magereza anayempokea kijana wa namna hiyo, na mama yake amesimama langoni akiuliza, "Amefungwa miaka mingapi, mwanangu?" Askari aliyelifasiri neno lile kuwa raha hana la kumjibu mama huyo. Aliyelifahamu anaweza angalau kumwambia kweli: hukumu haina idadi ya miaka, ni mpaka Rais atakapopenda, basi mtafute wakili.

Kiswahili chetu kimezipanga raha zake kwa uangalifu zaidi. Raha haina lawama; anasa inanuka ufujaji; na starehe, ambayo asili yake ya Kiarabu ni kupumzika, ina hata kazi ya adabu. Mgeni akitaka kuinuka kwa heshima yako, wamwambia, "Starehe, mzee!" naye anabaki kitini. Usiku ule wa kibandani, ofisa wa zamu alipokwisha kumkaripia mwenzangu, aligeuka na kumwona mzee anajikongoja kusimama. Akamwambia neno hilo hilo, kisha akamtuma mtu akamwite mwanawe.