KIMBUNGA KIKIPITA KWA JIRANI: MAMBO YAMPASAYO MKULIMA WA KWALE

Mwezi wa Juni mwaka 2024 mzee mmoja, mkulima wa skimu ya Shimba Hills, alifika ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu. Alipokwisha kujibiwa hakuondoka. Alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, ninyi watu wa serikali mlitutia hofu bure. Mlisema kimbunga kinakuja. Tukafunga ng'ombe mtini, tukakesha. Kiko wapi hicho kimbunga?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, kimbunga kilikuja kweli, ila kilipiga hodi nyumba ya jirani."

Tangu siku ile nimesikia swali hilo kwa wakulima wengi, wa Diani na wa Msambweni pia. Ni swali la haki. Lakini likiachwa bila jibu ni swali la hatari, kwa sababu mtu anayedhani amedanganywa mara ya kwanza, mara ya pili hategi sikio. Kwa hiyo yafaa tueleze kimbunga ni kitu gani, kwa nini huwa hakitufikii sisi chenyewe, na kwa nini hata hivyo hapana budi tujiweke tayari kila tunapoonywa.

KIMBUNGA HUTOKEA JINSI GANI

Kimbunga huzaliwa baharini, mahali ambapo maji yamepata joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi. Maji ya bahari hugeuka mvuke mwingi, na mvuke hupanda juu. Ukifika juu kwenye baridi hugeuka mawingu na mvua, na katika kugeuka huko hutoa joto. Joto hilo huzidi kuivuta hewa ya chini ipande. Basi hewa ya pembeni hukimbia kuja kujaza nafasi iliyoachwa, na huo ndio upepo.

Kama dunia ingekuwa imesimama, upepo huo ungekwenda moja kwa moja. Lakini dunia yazunguka, na kwa hiyo upepo hupindishwa njiani, mwisho huzunguka kama majani ya chai kikombeni yakikorogwa. Upande wetu wa kusini ya ikweta, vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Upepo ukifikia mwendo wa kilomita 118 kwa saa, hapo huitwa kimbunga kamili. Watu wa Marekani hukiita hariken, na watu wa Japani hukiita taifuni, lakini jambo ni lile lile.

Katikati ya kimbunga pana mahali penye shwari, napo huitwa jicho. Jicho likipita juu ya kijiji, upepo hutulia ghafula, na watu hudhani mambo yamekwisha. Hilo ni kosa lililoua wengi katika nchi nyingine. Baada ya muda upepo hurudi kwa nguvu zile zile, tena kutoka upande mwingine.

KWA NINI HUWA HAKITUFIKII

Diani na Msambweni ziko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini ya ikweta. Ile nguvu ya dunia inayopindisha upepo haipo kabisa penye ikweta, na karibu na ikweta ni dhaifu sana. Bila nguvu hiyo upepo hauwezi kuzunguka sawasawa, na kimbunga hakiwezi kuumbika wala kudumu. Pamoja na hayo, vimbunga vingi vya bahari yetu hutokea mashariki, na kisiwa kikubwa cha Madagaska husimama njiani na kuvipokea. Kwa hiyo ni kweli kwamba Kwale ina kinga ya asili.

Lakini kinga hiyo haiko mbali na mpaka wake. Tarehe 15 Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliupiga mji wa Unguja, ambao kutoka Msambweni ni mwendo usiofika kilomita 200. Merikebu za Sultani Barghash ziliharibika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'oka. Pemba haikudhurika sana. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoendelea kuwa shamba kubwa la karafuu, kwa maana mikarafuu iliyopandwa upya Unguja ilihitaji miaka mingi kabla ya kuzaa. Mkulima na aone hapo: upepo wa siku moja ulihamisha utajiri kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

Tarehe 15 Aprili mwaka 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi, kusini mwa Tanganyika. Mwezi Machi mwaka 2019 kimbunga Idai kiliubomoa mji wa Beira katika Msumbiji, na mwezi Aprili mwaka ule ule kimbunga Kenneth kilipita Visiwa vya Ngazija kikapiga kaskazini mwa Msumbiji. Kisha, tarehe 4 Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Neno hidaya maana yake ni zawadi, lakini zawadi ile hakuna aliyeitaka. Kutoka Mafia hadi Msambweni ni mwendo usiofika kilomita 400. Kilipogusa nchi kavu kilipungua nguvu, kwa sababu kilikatwa na chakula chake, yaani maji ya moto ya bahari. Hiyo ndiyo sababu mzee yule hakukiona.

MIKONO YA KIMBUNGA NI MIREFU

Ndugu mkulima, usipime hatari kwa kuuliza kama jicho la kimbunga limefika kwako. Kimbunga kina mikono mirefu, nayo hutufikia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni bahari. Mawimbi makubwa husafiri mamia ya kilomita kutoka kwenye kimbunga. Ndiyo maana wavuvi walionywa wasitoke siku zile za Hidaya, hata wale waliokuwa wakiona anga jeupe.

Njia ya pili ni mvua na upepo juu ya nchi iliyokwisha kulowa. Hidaya alikuja wakati wa masika makubwa. Katika Kenya nzima zaidi ya watu 200 walikuwa wamekwisha kufa kwa mafuriko tangu mwezi Machi. Udongo uliojaa maji haunywi tena, na mizizi ya miti hulegea ndani yake. Mvua ndogo juu ya udongo huo huleta mafuriko, na upepo wa kadiri huangusha mnazi. Wiki mbili hivi baadaye kimbunga kingine, Ialy, kilisogea karibu na ikweta kuliko ilivyo desturi, na upepo wake mkali ukafika pwani yetu.

Njia ya tatu wengi hawaijui. Mara nyingine kimbunga kilicho mbali huivuta hewa yenye mvua iende kwake, na sisi tukabaki na jua. Mwaka 2019, Idai alipokuwa Msumbiji, masika yetu yalichelewa. Waliokuwa wamepanda katika udongo mkavu walingoja mvua isiyokuja kwa wakati wake. Kwa hiyo ukisikia kuna kimbunga karibu na Madagaska mwezi wa Machi, usiseme hakikuhusu. Sikiliza kwanza habari za Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kumwaga mbegu yako yote ardhini. Msimu wa vimbunga katika bahari yetu ni kuanzia Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya na Ialy wametuonyesha kwamba hata Mei yafaa kuwa macho.

ONYO LIKITOLEWA: KAZI ZA SIKU MBILI TATU

Tofauti na tetemeko la ardhi, kimbunga huonekana kikija. Kwa kawaida tunapata siku mbili au tatu za kujiandaa. Zitumie hivi:

1. Hati. Tia hati ya shamba au barua ya kugawiwa shamba, vitambulisho na vyeti vya watoto katika mfuko wa plastiki, uufunge, na uuweke mahali pa juu. Mahindi hupandwa tena, lakini kupata hati nyingine ni safari nyingi na fedha nyingi.

2. Mbegu na mbolea. Ziweke juu ya uchaga, mbali na ukuta, ndani ya vyombo vyenye vifuniko. Mbolea iliyolowa hupoteza nguvu, na mbegu iliyolowa huota ghalani.

3. Minazi. Mwite mkwezi mapema aangue nazi zilizokomaa na makuti makavu katika minazi iliyo karibu na nyumba. Upepo ukisha kuanza, mtu yeyote asipande. Nazi inayoanguka huweza kuua.

4. Paa. Kaza misumari ya mabati, na ufunge makuti kwa kamba madhubuti. Bati linalorushwa na upepo hukata kama panga. Ondoa uani mbao, ndoo na vyombo vilivyolegea.

5. Mitaro na makinga maji. Zibua mitaro, na uzibe mapengo katika makinga maji. Wazee waliotoka Machakos kuja Shimba Hills wanaujua sana mtaro wa fanya juu, na vijana wawaulize. Maji yakipata pengo moja tu huacha korongo, na udongo mzuri wa juu ukienda haurudi.

6. Mifugo. Hapa ndipo nilipomwonya mzee wangu. Ng'ombe asifungwe mtini. Mti ukianguka humwua, na maji yakija hawezi kukimbia. Mhamishe kutoka bondeni, umpeleke mahali palipoinuka penye uwazi, ndani ya ua. Wakulima walio karibu na mito Ramisi, Mkurumudzi na Mwachema wafanye hivyo mapema, kwa maana mto hujaa kwa mvua iliyonyesha juu vilimani, hata kama kwako hakuna tone. Na walio karibu na mto Umba, hasa upande wa Vanga, hawana haja ya kuambiwa.

7. Maji na chakula. Jaza vyombo maji safi, na uvifunike. Weka chakula cha siku tatu kisichohitaji kupikwa sana. Tia simu moto, na redio iwe na betri.

8. Mashauri ya kijiji. Chifu na mzee wa Nyumba Kumi wajue nani ni mgonjwa, nani ni mja mzito, nani anaishi peke yake, na ni jengo gani imara lililo juu watakakokimbilia watu. Jambo hilo lizungumzwe kabla mvua haijaanza.

UPEPO UKISHA KUPITA

Usivuke mto uliojaa, hata kama jana ulivuka mahali pale pale. Maji yaendayo kasi yakifika magotini huweza kumwangusha mtu mzima. Usiguse waya wa umeme ulioanguka. Maji ya kisima kilichofurikiwa yachemshwe, kwa maana vyoo navyo hufurika, na kipindupindu hufuata nyuma ya mafuriko.

Katika shamba, toa kwanza maji yaliyosimama penye mahindi na mihogo. Muhogo ulioanza kukaa majini utaoza, basi ung'oe uliokomaa upate chakula. Mgomba ulioanguka ukate, machipukizi yake yatakua. Mahali mahindi yalipokufa, usingoje masika mengine. Panda kunde au viazi vitamu maadamu udongo una unyevu. Tena usiache magogo ya minazi yaliyoanguka yaoze shambani. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, huzaliana ndani ya magogo hayo, kisha huenda kula vilele vya minazi iliyosalimika. Yapasue kwa mbao au kuni, na mabaki yachome moto.

Neno moja kwa wanaoishi karibu na bahari. Mwamba ulio mbele ya Diani na mikoko ya Gazi ndizo kuta zetu. Huvunja mawimbi kabla hayajafika kwetu. Watu wa Gazi na Makongeni tangu mwaka 2013 wanailinda mikoko yao katika mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha zake zimesaidia maji na shule. Anayekata mkoko ili apate boriti moja anabomoa ukuta wa jirani zake wote.

Jambo la mwisho ni hili. Idara ya Hali ya Hewa husema kimbunga "huenda" kikafika, nayo haisemi neno hilo kwa kukwepa. Kimbunga hubadili njia, na hakuna mtu anayeweza kuapa kitapita wapi. Kikipita kwa jirani, kazi yako haikupotea: mitaro imezibuliwa, hati ziko salama, mbegu ni kavu, nazi zimeanguliwa. Hasara yako ni usiku mmoja bila usingizi. Kikifika nawe hukujiandaa, hasara yako ni miaka.

Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi yake ya mbegu. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Haya mwanangu, mara nyingine nitawafungua ng'ombe. Lakini na ninyi mtuambie mapema." Nikamwambia amesema kweli. Na sisi tumelichukua neno lake kuwa ni haki yake.